ECG ya mzee ilisomwa safi, miezi mitano baadaye akafariki. Kipimo hiki kinaweza kweli kuonyesha kifo kabla hakijafika?

#1 Mwana wa Kibaigwa
Wakuu, habari za jioni.

Mzee wangu alikuwa na miaka 67, mtu wa presha ya siku nyingi, na aliwahi kuambiwa moyo umetanuka kidogo. Mwaka jana mwezi wa pili nilimpeleka hospitali moja ya mkoa maana alikuwa anachoka sana akirudi kutoka shamba, mpaka anakaa chini ya mwembe nusu saa ndipo afike nyumbani. Wakampiga ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo. Daktari akaitazama ile karatasi, akasema iko sawa, tuendelee na dawa za presha. Mwezi wa saba mzee alilala, asubuhi hakuamka.

Wiki hii nimesoma kitu kikaninyima usingizi. Watafiti wa Geisinger, huko Pennsylvania, Marekani, waliilisha kompyuta ECG zaidi ya milioni 1.1 za wagonjwa 253,397, wakaifundisha kukadiria nani atafariki ndani ya mwaka mmoja. Kazi yao ilitoka kwenye jarida la Nature Medicine mwaka 2020. Kompyuta kukadiria vizuri hakukunishtua. Kilichonishtua ni kwamba hata kwenye zile ECG ambazo madaktari walishaziandika kuwa ni za kawaida, bado iliweza kuwatofautisha waliokufa na waliobaki.

Swali langu ni hili: karatasi ya mzee ilikuwa na kitu ambacho daktari wetu hakukiona? Au ilikuwa na kitu ambacho hakuna jicho la binadamu lingekiona? Simtafuti mtu wa kumlaumu. Nataka kuelewa tu, kwa sababu mama naye ana presha na ana miaka 63.

#2 Kinyozi wa Mbagala
Pole sana mkuu. Ngoja waje wataalamu, nakaa hapa.

#3 Mzee Ngalawa
Pole mwanangu. Siku ya mtu ikifika imefika, hakuna karatasi itakayoizuia. Mimi nimezika watu waliotoka hospitali na majibu mazuri, na nimekula pilau na watu walioambiwa hawana miezi mitatu.

#4 Nesi Mstaafu Tanga
Pole sana mwanangu. Nimepiga ECG miaka 22 kabla ya kustaafu, naomba niseme jambo ambalo madaktari hawalisemi sana, kwa kuwa wao hupokea karatasi tu.

ECG ina waya kumi. Minne inakwenda kwenye mikono na miguu, sita inabandikwa kifuani. Hizo sita zina mahali pake hasa. Mbili za kwanza hukaa kwenye nafasi ya nne kati ya mbavu, moja upande wa kulia wa mfupa wa kifua, nyingine upande wa kushoto. Ya nne hukaa nafasi ya tano, usawa wa katikati ya mtulinga. Sasa fikiria foleni ya watu arobaini, vibandiko vimebaki vichache, vile vya kunyonya vimelegea, na mgonjwa ni mama mwenye matiti makubwa anayeona haya kufunuliwa. Waya wa kwanza na wa pili unawekwa juu sana, na karatasi inatoka kama mtu aliyewahi kupata mshtuko wa moyo zamani kumbe hajawahi. Ukibadilisha waya za mkono wa kulia na wa kushoto, mawimbi yanapinduka juu chini.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kompyuta inaona nini, uliza kwanza nani alibandika waya, na alikuwa na haraka kiasi gani. Kompyuta husoma kilichopigwa.

#5 Mwana wa Kibaigwa
Asante mama. Nakumbuka yule kijana alimwambia mzee avue shati akiwa bado anaongea na simu. Sikulitilia maanani wakati ule.

#6 Daktari wa Zamu
Pole mkuu. Nesi hapo #4 yuko sahihi kabisa, na wanafunzi wangu ningependa wamsome yeye kabla ya kitabu.

ECG haionyeshi moyo wenyewe. Inaonyesha umeme unavyotembea ndani ya moyo. Na kipimo cha kawaida kinachukua sekunde 10 tu. Moyo wa mtu mzima hupiga kama mara laki moja kwa siku, na sisi tunatazama mapigo kumi na mawili hivi. Mzee anaweza kuwa na mapigo ya hatari saa nane usiku, na saa nne asubuhi karatasi ikawa tulivu. Ndiyo maana kuna Holter, kile kifaa cha kuvaa saa 24 au zaidi.

Pili, misuli ya moyo iliyonenepa kwa sababu ya presha inaweza isionekane kwenye ECG kabisa. ECG hukosa wengi wenye tatizo hilo, na ndiyo maana tunataka eko, kile kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha moyo wenyewe ukicheza. Mtu mwenye presha ya miaka mingi, anayechoka njiani, "ECG iko sawa" isingetosha kufunga mjadala.

Ila kusema ECG haitabiri kifo kabisa si kweli. Tumeitumia hivyo miaka mingi bila kuiita utabiri. Kuna wimbi tunaloliita QRS, ndiyo ile michongoma mirefu. Linaonyesha umeme ukisambaa kwenye vyumba vya chini vya moyo. Likichukua zaidi ya milisekunde 120 kwa mtu ambaye moyo wake umeshashindwa kusukuma damu vizuri, hali yake huwa mbaya kuliko ya mwenzake mwenye QRS nyembamba. Kipande cha QT, yaani muda tangu QRS inapoanza mpaka umeme utulie, kikipita milisekunde 500 tunaogopa mapigo ya ghafla yanayoua. Mtu akija na maumivu ya kifua, mstari wa ST, ule unaofuata baada ya QRS, ukiwa umeshuka au kupanda, hiyo inaingia moja kwa moja kwenye alama za GRACE tunazotumia kukadiria hatari, pamoja na umri, presha, kasi ya mapigo na hali ya figo.

Na hapa kwetu upo utafiti wa Muhimbili uliowafuatilia wagonjwa 427 wa moyo kushindwa kufanya kazi, ulitoka 2014. Waliokuwa na mapigo yasiyo na mpangilio, yale vyumba vya juu vinapotetemeka badala ya kupiga, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa. Hilo nesi yeyote analiona kwenye karatasi, halihitaji kompyuta. Ila kwenye orodha ileile ya hatari kulikuwa na upungufu wa damu na figo dhaifu, na hayo mawili ECG haikwambii waziwazi.

#7 Bodaboda Msomi
Kumbe sekunde 10! Mimi nilidhani inapima moyo wote na maisha yake. Kuanzia leo nawaambia abiria wangu.

Halafu hii ECG si Wamarekani ndio waliigundua? Wana haki ya kuitafsiri wanavyotaka.

#8 Makumbusho
@Bodaboda Msomi hapana. Aliyeipa sura tunayoijua ni Willem Einthoven, Mholanzi wa Leiden, mwanzoni mwa miaka ya 1900. Herufi P, Q, R, S, T zimetoka kwake, na alipata Nobel mwaka 1924. Mashine yake ilikuwa na uzito wa karibu kilo 270, ikahitaji watu watano kuiendesha, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Kabla yake, 1887, Augustus Waller aliwahi kurekodi umeme wa moyo wa mtu London, na alikuwa na mbwa wake Jimmie aliyemtumia kwenye maonyesho.

#9 Bodaboda Msomi
Mbwa alisimama kwenye ndoo ya chumvi akatulia? Heshima kwake. Wangu hata kuoga hataki.

#10 Shilingi Mbili
Mimi ni mtu wa takwimu, hospitali naingia kama mgonjwa tu. Nataka kumsaidia mleta uzi asiumie bure na ile namba ya Geisinger.

Walipata alama ya 0.88. Watu wengi wakiisoma wanadhani kompyuta inapatia mara 88 kwa kila watu 100. Sivyo. Chukua mtu mmoja aliyekufa ndani ya mwaka na mmoja ambaye hakufa. Iulize kompyuta yupi yuko hatarini zaidi. Mara 88 kwa 100 itamnyooshea kidole yule sahihi. Kurusha shilingi kungekupa 50. Ni kazi nzuri. Kwenye zile ECG zilizosomwa kuwa za kawaida alama ilikuwa 0.85, nayo ni nzuri.

Ila daktari hakai mbele ya watu wawili akiulizwa yupi. Anakaa mbele ya baba yako peke yake. Tuchukulie, kwa mfano tu, kijiji cha watu 1,000 ambapo 30 watafariki mwaka huo. Kompyuta ikawapata 24 kati ya hao, ikawapigia kengele na wengine 190 ambao hawatakufa. Sasa una watu 214 walioambiwa wako hatarini, na karibu tisa katika kila kumi watakula mbuzi wa mwaka mpya. Na sita waliokufa hawakupigiwa kengele. Baba yako angeweza kuwa kundi lolote.

#11 Mwana wa Kibaigwa
Asante. Nimeisoma mara tatu. Kwa hiyo hata kama hiyo mashine ingekuwepo siku ile, bado daktari asingekuwa na uhakika.

#12 Shilingi Mbili
Ndiyo mkuu. Mzee angekuwa na sababu ya kuangaliwa kwa karibu zaidi. Uhakika, hapana.

#13 Chepkoilel
Salamu kutoka Eldoret. Mimi nina wasiwasi na hii akili unde yenu. Nadhani kompyuta inasoma umri tu. Moyo wa mzee una umeme wa kizee, na wazee hufa zaidi. Hapo hakuna muujiza.

#14 Kinyozi wa Mbagala
Huku tunaita akili mnemba mkuu, unde mnayo ninyi 😄

#15 Chepkoilel
Iwe mnemba iwe unde, inasoma umri.

#16 Daktari wa Zamu
@Chepkoilel hoja yako ina nguvu, ila haimalizi. Wale wa Geisinger waliilinganisha na umri, jinsia na vile vipimo vya kawaida vya ECG tunavyoviandika kila siku, na mawimbi yenyewe yaliyosomwa moja kwa moja yalifanya vizuri zaidi.

Halafu tazama kilichofanyika Brazili. Mtandao wa tiba kwa njia ya simu wa jimbo la Minas Gerais una ECG za watu zaidi ya milioni moja na nusu. Waliifundisha kompyuta kukisia umri wa mtu kwa kutazama ECG tu. Kisha wakawatazama wale ambao kompyuta iliwaongezea zaidi ya miaka minane kupita umri wao halisi. Hao walikufa zaidi kuliko wenzao wa umri uleule. Kwa hiyo hata ikiwa inasoma "umri", ni umri wa moyo, na moyo unaweza kumtangulia mwenyewe.

#17 Chepkoilel
Hiyo ya Brazili nakubali inanifikirisha. Lakini bado hujaniambia INAONA NINI. Daktari akisema nina homa, ananionyesha kipimajoto.

#18 Daktari wa Zamu
Hapo umenishika. Watafiti wenyewe waliwapa madaktari wa moyo zile ECG wazitazame, na hata baada ya kuonyeshwa majibu bado mchoro uliokuwa ukiibeba hatari haukuwatokea machoni.

#19 Mama Twins Mwanza
Naingia kama mgonjwa, siyo mtaalamu. Baada ya kujifungua mapacha wangu nilijaa maji miguu mpaka nikawa silali chali. Nikaambiwa ni moyo uliochoka kwa sababu ya uzazi. ECG yangu ilikuwa imechafuka, daktari mmoja akamwambia mume wangu koridoni, akidhani sisikii, kwamba "hapa tusitegemee sana". Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Mapacha wako darasa la tatu.

Sasa niambieni, lile neno la koridoni lilikuwa utabiri au lilikuwa nini? Maana mume wangu aliacha kulipa ada ya kikundi changu cha vikoba mwezi huohuo, akisema kuna faida gani.

#20 Bint Shangani
Wallahi Mama Twins umenitoa machozi. Mungu akuhifadhi na wanao.

#21 Kinyozi wa Mbagala
Huyo mume arudishe hela ya vikoba na riba ya miaka tisa.

#22 Mama Twins Mwanza
Alisharudisha @Kinyozi, na gauni juu 😂

#23 Daktari wa Zamu
@Mama Twins, moyo uliochoka kwa uzazi una jambo ambalo mioyo mingine haina: kwa akina mama wengi hurudi, kidogo au wote, hasa ukigunduliwa mapema na dawa zikaanza. Ndiyo maana ECG mbaya ya wakati ule haikuwa hukumu. Alichokosea mwenzetu ni kusema kwa sauti jambo ambalo hakuwa na haki ya kulisema hivyo.

Na kwa sababu umelitaja, Nigeria walifanya jaribio lililotoka 2024 kwa wajawazito na waliojifungua karibuni. Baadhi walipimwa kwa stethoskopu ya kidijitali inayorekodi ECG fupi na kusomwa na akili mnemba, wengine wakapata huduma ya kawaida. Wenye moyo dhaifu waliogundulika kwa stethoskopu ile walikuwa karibu mara mbili. Kwangu mimi hii ni habari kubwa kuliko ile ya kutabiri kifo, kwa sababu ukimpata mama mapema una dawa ya kumpa.

#24 Fundi Mitambo Ubungo
Nimefanya kazi ya kutengeneza mashine za hospitali. Naongeza sababu yangu kwenye rundo: mashine zenyewe. ECG nyingi ninazozikuta zina kichujio kimewashwa ili karatasi ionekane nzuri, kwa sababu umeme wa jengo unaleta ukungu. Kichujio hicho kikikaza sana kinalainisha vijiwimbi vidogo. Kama kompyuta ya Marekani inasoma vijiwimbi ambavyo jicho halioni, na mashine yetu imevifuta kabla havijafika kwenye karatasi, hapo inatabiri nini?

Na jambo jingine. Kompyuta kama ile ya Geisinger zinasoma namba za umeme zenyewe, hazisomi picha ya karatasi. Vituo vingi vyetu karatasi ndiyo kila kitu. Ikitoka imetoka, ndani ya mashine hakuna kilichobaki.

#25 Nesi Mstaafu Tanga
Fundi umesema kweli. Na kuna wakati karatasi yenyewe ikiisha tunakata vipande viwili tu tunasema inatosha.

#26 Mbongo Scranton
Nipo Pennsylvania, mimi mwenyewe napiga ECG, ndiyo ajira yangu. Nataka kuongeza jambo la watu. Huku vijijini nilipo wagonjwa wangu karibu wote ni wazungu, wengi wazee. Kompyuta inayojifunza kwa watu wa huku inajifunza mioyo ya watu hawa, na magonjwa yao, ambayo mengi ni mishipa ya moyo kuziba.

Nilipofika mara ya kwanza walinipiga ECG ya kuanza kazi. Mashine ikaandika juu kabisa kwamba huenda misuli ya moyo wangu imenenepa. Nilikuwa na miaka 29, nacheza mpira kila Jumapili. Wakanipeleka eko, moyo mzuri. Daktari akanieleza kwamba vigezo vya urefu wa mawimbi, kile cha kujumlisha urefu wa mawimbi mawili ya kifuani na kuona kama unafika milimita 35, huwashika watu weusi wengi ambao hawana tatizo. Kigezo hicho ni cha mwaka 1949.

Nyumbani tuna moyo wa homa ya baridi yabisi kwa vijana, moyo wa uzazi, presha isiyotibiwa. Hao wako wapi kwenye zile milioni 1.1?

#27 Shilingi Mbili
@Mbongo Scranton hoja nzito. Ule utafiti wa nchi tisa za Afrika, THESUS-HF wa 2012, ulikuta wagonjwa waliolazwa kwa moyo kushindwa wana wastani wa miaka 52. Karibu nusu chanzo chao kilikuwa presha. Ndani ya siku 180 karibu watu 18 katika kila 100 walikuwa wamefariki. Hao wako katikati ya kulea. Mashine iliyofunzwa kwa wazee inaweza kuwaona "vijana" ikawaweka salama.

#28 Chepkoilel
Ndiyo nilichosema! Umri!

#29 Shilingi Mbili
Haya mkuu, pointi moja nakupa 😄

#30 Bint Shangani
Mie nina suali jengine. Hivi mtu aambiwe? Tuseme mashine imesema babu yangu atakufa ndani ya mwaka. Nani anamwambia? Ami yangu yuko Maskati, aliambiwa moyo wake una nguvu ya asilimia ishirini, tangu siku ile hakutoka tena kwenda baraza. Moyo ulikuwa umechoka, lakini kilichomwangusha kwanza ni ile namba.

#31 Mzee Ngalawa
Binti kasema. Mtu anakufa mara mbili.

#32 Mtoto wa Bima
Mimi naogopa kitu kingine kabisa. Siku kampuni za bima zikiipata hii mashine, watapiga ECG kabla ya kukuandikisha, na mtu wa presha hatapata kadi. Watasema kompyuta imesema.

#33 Mkulima wa Rombo
@Bint Shangani mimi ningetaka kuambiwa. Ningegawa shamba nikiwa na akili zangu. Baba yangu alikufa ghafla, hadi leo tuna kesi ya migomba kumi na minne. Kumi na minne! Kaka zangu hawasalimiani kanisani.

#34 Bint Shangani
Migomba kumi na minne tu? Subhanallah.

#35 Mkulima wa Rombo
Ukijua kihamba, shamba la ukoo, ni nini hungeuliza.

#36 Daktari wa Zamu
Turudi kwenye moyo kabla hatujafika baraza la ardhi.

Suala la "ukishajua, ufanye nini" limewahi kuua watu, na si mfano wa kufikirika. Miaka ya 1980 ilijulikana wazi kwamba mtu aliyepona mshtuko wa moyo, ECG yake ikionyesha mapigo mengi ya ziada, yuko kwenye hatari kubwa ya kufa. Utabiri ulikuwa wa kweli. Zikawepo dawa, enkainidi na flekainidi, zinazoyanyamazisha mapigo hayo vizuri kabisa. Kila mtu akaona njia iko wazi: nyamazisha mapigo, okoa mtu. Likafanywa jaribio la CAST. Mwaka 1989 ikabidi sehemu hiyo isimamishwe, maana waliopewa dawa walikuwa wanakufa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. ECG zao zilikuwa safi.

Mimi kila nikisoma habari ya mashine mpya inayotabiri kifo nauliza kwanza: kuna jaribio lililoonyesha kwamba ukiitumia watu wachache zaidi wanakufa?

#37 Chepkoilel
Na lipo?

#38 Daktari wa Zamu
Lipo moja ninaloliheshimu, la Taiwan, lilitoka 2024. Wagonjwa 15,965, madaktari 39, hospitali mbili. Kwa kundi moja, kompyuta ikiona ECG yenye hatari kubwa ya kifo ilimtumia daktari taarifa papo hapo. Kundi la pili daktari alifanya kazi kama siku zote. Ndani ya siku 90 walikufa asilimia 3.6 kwenye kundi la taarifa, na asilimia 4.3 kwenye kundi la pili.

#39 Shilingi Mbili
Hiyo ni kama mtu mmoja kwa kila 143. Kwa nambari ni kidogo, kwa familia ya huyo mmoja ni kila kitu. Ila sioni kama ni ECG iliyowaokoa. Nadhani ni daktari kurudi kitandani mara ya pili.

#40 Daktari wa Zamu
Inawezekana kabisa. Waliopigiwa kengele walipata uangalizi zaidi. Kule kuna kitanda cha wagonjwa mahututi cha kumhamishia mtu kengele ikilia. Wodi yangu usiku wa leo ina wagonjwa 31, na kifaa cha kufuatilia mapigo ni kimoja.

#41 Fundi Mitambo Ubungo
Hapo ndipo mimi nasimama. Leteni vifaa viwili kabla ya kompyuta.

#42 Mbongo Scranton
Mimi sikubaliani na Fundi moja kwa moja. Kama una kifaa kimoja na wagonjwa 31, ndipo unapohitaji zaidi mtu wa kukuambia kifungwe kwa nani.

#43 Fundi Mitambo Ubungo
Hmm. Hilo sijalifikiria. Lakini hiyo kompyuta iwe imejifunza kwa hao 31, si kwa wazee wako wa Scranton.

#44 Mama Twins Mwanza
Na ikimweka mtu wa mwisho kwenye foleni kwa sababu imeona atakufa tu? Mimi ningewekwa wapi siku ile?

#45 Bodaboda Msomi
Uzi umeingia baridi ghafla.

#46 Nesi Mstaafu Tanga
@Mwana wa Kibaigwa, mwanangu, ile karatasi ya mzee unayo? Juu kabisa mashine huandika namba: kasi ya mapigo, PR, QRS, QT. Uzisome hapa daktari azione. Na kama mzee aliwahi kupigwa ECG nyingine miaka ya nyuma, hiyo ndiyo dhahabu. Karatasi moja inakwambia kidogo. Mbili zilizopishana miaka mitano zinakwambia kilichobadilika, na mimi nimeona madaktari wazuri wakimshika mtu kwa tofauti ndogo ambayo isingeonekana bila ile ya zamani. Ugonjwa mwingine unajificha kwenye tofauti.

#47 Daktari wa Zamu
Naunga mkono. Sisemi nitapata jibu, mkuu. Ila QRS ya zaidi ya 120, au QT ndefu, ningekuambia ukweli.

#48 Mwana wa Kibaigwa
Nimeitoa kwenye bahasha muda huu. Ilikuwa kwenye begi la vyeti juu ya kabati, chini ya bati. Miraba ya waridi ipo, jina la mzee lililoandikwa kwa kalamu lipo. Mawimbi yamepotea. Upande mmoja kuna kama kivuli cha mstari, namba za juu hazisomeki hata moja.

#49 Fundi Mitambo Ubungo
Pole sana kaka. Karatasi hizo haziandikwi kwa wino, mashine huzichoma kwa joto. Zikikaa mahali pa joto, au kwenye mfuko wa plastiki, au juani, zinafifia zenyewe. Chini ya bati huko Kibaigwa ilikuwa haiwezi kudumu.

#50 Nesi Mstaafu Tanga
Tulikuwa tunawaambia watu watoe fotokopi siku hiyohiyo. Si wote tuliowaambia. Nisamehe mwanangu kwa niaba yetu.

#51 Mwana wa Kibaigwa
Usiseme hivyo mama. Nimejifunza mengi kwenu wote, hata kwenye yale mliyobishana.

Mama ana ECG mbili, ya 2016 na ya mwaka juzi. Ya 2016 imefifia nusu lakini michongoma bado inaonekana. Nimezipiga picha zote mbili sasa hivi mlangoni kwenye mwanga, nimemtumia na dada yangu azihifadhi kwake. Alhamisi nampeleka Dodoma, nitaomba na eko. Nitavua simu mkononi mwa huyo kijana mwenyewe kabla hajabandika waya.

#52 Nesi Mstaafu Tanga
Nafasi ya nne kati ya mbavu. Ukiona anabandika karibu na shingo, sema.

#53 Kinyozi wa Mbagala
Mkuu Alhamisi utuletee mrejesho. Mimi kesho nafunga saluni saa sita, naenda kupima presha, nimekaa na uzi huu tangu jioni na shingo imeniuma yote.

#54 Chepkoilel
Una miaka mingapi?

#55 Kinyozi wa Mbagala
44.

#56 Chepkoilel
Nenda asubuhi, usingoje saa sita.